Kizibo na Vitunguu Vilivyokataa Kulala

Wakulima wote, wenye majembe na wenye maoni tu, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba kitunguu ni mmea wa mizizi mifupi unaolimwa na watu wa kinyongo kirefu. Mizizi yake haishuki sana kupita kina cha kiganja. Kwa hiyo kwenye nchi kame hakitaki mafuriko. Kinataka maji kidogo na mara kwa mara, kama mgonjwa anayenyweshwa dawa kwa kijiko. Mbolea kinaitaka kikiwa bado kichanga. Kikishaanza kujaza tumbo, kipunguzie. Na majani yake yakishalegea shingoni na kulala chini yenyewe, kiache, kisahau, kaa kivulini ulalamikie bei. Mambo hayo si siri, yanajulikana hata kwa mbuzi. Tangazo linatolewa kwa sababu yuko mtu aliyeyajua tangu utotoni, akayafuata maisha yake yote, kisha akayavunja yote kwa msimu mmoja, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu na kofia kichwani.

Mtu huyo ni Kizibo.

Jina hilo alilipata angali mtoto wa kuvuja kamasi. Ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka, maji yanatorokea porini, na baba yake hakuwa na koleo. Baba akamkalisha mtoto kwenye ule mwanya, matako yazibe, akamwambia asiondoke mpaka arudi. Njiani akakuta watu wanagombana juu ya mbuzi, naye alikuwa mtu asiyeweza kupita ugomvi bila kuutia chumvi. Alirudi jua linazama. Mtoto alikuwa palepale, midomo imekuwa ya buluu, tope limemfika kwapani, na hakuna tone lililopita. Baba badala ya kuomba radhi alijisifu kijiji kizima: nimezaa kizibo. Jina la kwanza likafa siku hiyo, na mwenyewe hakulililia. Alijifunza kwamba kuna heshima katika kukaa ulipoambiwa hata kama mwenye kukuambia amekusahau, na somo la namna hiyo likiingia kichwani mapema halitoki tena, hata kwa shoka.

Bonde wanalolima ni bonde la upepo. Mvua hapo ni kama mjomba tajiri: inasemwa sana, inaonekana msibani. Ardhi ni ya rangi ya majivu, na ukiimwagilia kupita kiasi jua linavuta maji juu na kuacha chumvi nyeupe usoni mwa udongo, kama jasho lililokauka kwenye shati la mpagazi. Uhai wote unatoka kwenye mfereji mmoja unaoanzia kwenye miamba ya juu na kupita shamba kwa shamba. Mfereji una mwenyewe, yaani mgawa maji, bwana mmoja mwenye baiskeli isiyo na breki na sauti isiyo na breki. Yeye ndiye anayetangaza zamu. Sheria yake ni fupi. Zamu ikiwa yako, unafungua bati lako la kuzuia maji na maji yanaingia kwako. Kama huyahitaji, unainua bati la chini na maji yanamwangukia aliye chini yako kwenye mfereji. Hayarudi juu, hayarukii kwa rafiki yako wa upande wa pili. Ni huyo huyo wa chini, umpende usimpende.

Na chini ya Kizibo alikuwa dada yake.

Dada huyo, mdogo wake wa kumfuata, alikuwa fundi cherehani. Aliishi mjini miaka mingi akishona kwenye vibaraza vya watu, akaolewa, akaachika, akarudi kwenye mazishi ya baba na cherehani yake imeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Watu walidhani ameileta kwa bahati mbaya. Kumbe alikuwa amekuja kukaa. Wazee wakagawa shamba: nusu ya juu kwa kaka, nusu ya chini kwa dada. Hakuna aliyebishana. Ubishi ulikuja baadaye kidogo, wageni wakiwa bado kwenye mikeka, mtu mmoja aliposifu vitunguu vya Kizibo na fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayechangamsha msiba, kwamba kaka yake anamwagilia shamba kama anazima moto.

Watu walicheka. Kucheka msibani ni kosa dogo. Kumcheka Kizibo kwa habari ya maji ni uhaini. Alisimama, akaapa mbele ya wote kwamba hatakanyaga shamba la chini mpaka aombwe radhi, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake na sahani yake. Fundi naye akasema hajui aombe radhi kwa lipi, maana amesema kweli. Basi. Ndivyo ndugu wawili wa tumbo moja walivyoacha kusemezana, kwa sentensi isiyotosha hata kufungia karanga.

Tatizo ni kwamba waliishi ua mmoja. Nyumba mbili za bati zinatazamana, pipa moja la maji, kamba moja ya kuanikia nguo. Kwa kuwa hawasemezani, walisema na kuku. Kizibo alikuwa akinoa jembe mlangoni kwake na kumwambia kuku mwekundu kwamba kama anamjua mtu aliyejaza kamba yote kwa matambara yake, amwambie shati la mwanamume halikauki kwa kuangaliwa. Kutoka dirishani, juu ya kelele za cherehani, fundi alimjibu jogoo: awafikishie wahusika kwamba kamba hiyo ilinunuliwa na mtu mwenye matambara. Kuku walisikia mambo mengi ya ukoo ule kuliko kuku yeyote anavyostahili.

Mambo ambayo kuku hawakuweza kuyabeba aliyabeba mke wa Kizibo, mwanamke wa maneno machache na kikohozi kirefu. Alimpenda wifi yake. Walichambua mboga pamoja, walisukana nywele, na kila jioni alivuka ua na ujumbe kama posta.

Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mfereji ulipungua mpaka ukawa unapita katikati ya tope kama mchirizi wa machozi, na zamu zikatengana. Kizibo alikuwa amepanda mapema, kama kawaida yake. Fundi alichelewa, kwa sababu alikuwa na sare za shule za kushona kabla hajaweza kupata miche. Ndiyo maana wakati vitunguu vya juu vilipoanza kulaza majani, vya chini vilikuwa ndiyo kwanza vinajaza tumbo. Na hapo ndipo kiu inapoua. Fundi alijitahidi. Alitandaza vipande vyote vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani katikati ya mistari ya vitunguu ili unyevu usitoroke. Ukipita njiani uliona shamba zima limevaa buluu, mistari imenyooka, kama wanafunzi wanaosubiri kuchapwa.

Alimwambia wifi yake wazi, wakichota maji kwenye pipa. Akivuna cha kumfikisha kwenye mvua, atabaki. Akikosa, atarudi mjini kushona kwenye kibaraza cha mtu mwingine, na safari hii hatarudi, maana umri wa kurudirudi umekwisha. Mke alimfikishia mumewe maneno hayo wakati wa chakula, hakupunguza hata moja. Kizibo alitafuna polepole kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye tonge.

Lipo jambo ambalo asingelikiri hata kwa yule kuku mwekundu: hakutaka dada yake aende. Watoto wake mwenyewe walishaondoka na kuoa na kuolewa mbali, wanakumbuka nyumbani kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa. Asubuhi alikuwa akiamshwa na ile cherehani, trrr, trrr, kimya, trrr, na alikuwa akilala kidogo tena kwa kuridhika, kwa kuwa ukoo wa baba yake bado unapiga kelele upande wa pili wa ua. Alichotaka ni kitu kidogo tu. Alitaka dada yake aseme alikosea. Baada ya hapo angempa mfereji mzima na samaki wake, kama ungekuwa na samaki.

Siku ya zamu ilipofika, mgawa maji alikuja na baiskeli yake, akaisimamisha kwa kuigonga kwenye kichuguu kama desturi. Kizibo alikuwa amesimama katikati ya shamba lake. Majani ya vitunguu vyake yalikuwa yamelala, zaidi ya nusu, shingo zimelegea vizuri, hali ambayo mkulima yeyote anaiombea. Hakuhitaji maji. Mgawa maji alijua hahitaji. Majirani wawili waliokuwa wakirekebisha ukingo wa upande wa pili walijua, ndiyo maana waliacha kurekebisha. Na Kizibo mwenyewe, inaaminika, alikuwa ameshainama kushika bati la chini.

Hapo ndipo fundi alipotokeza kwenye njia, ana futi ya kupimia nguo shingoni na vumbi mpaka magotini.

"Kaka," alisema.

Neno hilo halikuwa limesikika kutoka kinywani mwake tangu msibani. Hata mgawa maji alivua kofia.

"Kaka, niachie zamu hii moja. Yangu bado iko mbali. Vyangu vinakufa."

Angekuja peke yake, pengine hadithi ingeishia hapa, nasi tungekosa la kusoma. Lakini walikuwepo watu watatu, na wote watatu walikuwa na nyuso za watu wanaosubiri kusimulia. Kizibo aliona kwamba akiachia sasa, itasemwa kwamba aliambiwa neno moja akayeyuka. Na radhi haijaombwa. Akanyoosha mgongo.

"Siwezi," alisema. "Nimeshaweka mbolea."

Kila mtu alitazama chini. Udongo ulikuwa mkavu na mtupu. Hata punje moja ya mbolea haikuonekana.

"Mbolea gani, kaka?"

"Ya kukuzia."

"Vitunguu vimeshalala hivi. Vikue viende wapi?"

Mmoja wa majirani alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha uongo, kicheko kimevaa kanzu. Na kikohozi hicho ndicho kilichofunga mjadala. Kizibo alifungua bati lake la juu, maji yakaingia kwake, na fundi alisimama akiyatazama yanavyopita miguuni mwake kwenda mahali ambapo hayatakiwi. Aligeuka akarudi kwa njia ile ile, na kwa mwendo ule ule, kama mtu aliyekwenda dukani akakuta wamefunga.

Sasa angalia maajabu ya tabia njema. Kizibo alikuwa na sifa moja aliyoitunza kuliko suruali yake ya sikukuu: hakuwa mwongo. Alikuwa mkaidi, alikuwa mnunaji, alikuwa mchoyo wa chumvi, lakini mwongo hakuwa. Na amesema mbele ya watu kwamba ameweka mbolea. Basi watu walipoondoka alikwenda ghalani, akakokota gunia la mbolea lililobaki tangu mwanzo wa msimu, akatembea mstari kwa mstari akimwaga punje nyeupe kwenye vitunguu vilivyokuwa vimemaliza kazi ya dunia. Mkewe alitoka mlangoni akamtazama. Alimuuliza anafanya nini. Akajibiwa kwamba mtu akisema neno lazima alisimamie.

"Hata likiwa la kijinga?"

"Hilo ndilo hasa," alisema Kizibo.

Mbolea ile haikai kwenye udongo unaokauka bila kuchoma. Inadai maji. Kwa hiyo zamu iliyofuata aliichukua pia, na safari hii hakudanganya, mbolea ilikuwepo kweli. Uongo ulidai mbolea, mbolea ikadai maji, maji yakadai zamu nyingine. Mambo yote yakawa halali, kila moja lina shahidi. Mgawa maji alisema hajawahi kuona ujinga uliopangwa vizuri namna ile.

Na vitunguu vikaamka. Vilikuwa vimejilaza kama wastaafu, sasa vikachomoza majani mapya mabichi kutoka shingoni, vikasimama wima. Shingo zikawa nene na laini, zimejaa maji, shingo za watu wanaokula bila kufanya kazi. Kitunguu cha namna hiyo hakifungi. Ukikiweka ghalani kinaozea shingoni na kushuka ndani taratibu, huku nje kinang'aa. Dalali wa vitunguu alikuja na kirungu chake, akabonyeza kitunguu kimoja, cha pili, cha tatu, akakataa hata kukaa kwenye kiti alichoandaliwa. Alimwambia Kizibo kwamba shamba lake linapendeza, na kwamba mambo yanayopendeza hayafiki sokoni.

Kutoka hapo dalali aliteremka shamba la chini. Alikaa huko kwa muda. Kizibo alitamani kujua wamesema nini, akamwuliza mkewe jioni. Mke alikuwa ameinamia jiko, alikohoa mpaka akamaliza, akaweka mwiko chini.

"Mdomo wangu si mfereji," alisema. "Nimechoka kupitisha. Ukitaka habari za shamba la chini, lina njia."

Tangu hapo hakubeba tena neno lolote kuvuka ua. Hata kuku walionekana wamekata tamaa.

Kwa hiyo Kizibo hakujua mambo yaliyojulikana kwa kila mtu. Dalali alikuwa amemwambia fundi kwamba vitunguu vyake ni vidogo kama gololi, lakini ni vigumu, vimekauka, na mwaka kama huu hata gololi itanunuliwa. Aving'oe sasa, avianike hapo hapo shambani shingo zifunge, na gari litapita kuvichukua. Fundi aliving'oa vyote kwa mikono, mwenyewe. Alivipanga chini mstari juu ya mstari, majani ya hivi yamefunika vichwa vya vile visiungue na jua, na vitambaa vya buluu juu ya mistari ya mwisho pale majani yalipopungua. Havikuwa vingi. Lakini alimwambia wifi yake kwamba akibana, vitamfikisha mvuani.

Upande wa pili wa ua, Kizibo alisikia kitu kimoja tu: cherehani imenyamaza. Asubuhi ya kwanza alidhani uzi umekatika. Asubuhi ya pili alikaa kitandani akisubiri. Fundi alikuwa shambani tangu alfajiri, akianika, lakini Kizibo hakujua. Aliona mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na picha iliyomjia ni ya cherehani iliyoviringishwa tena kwenye blanketi. Hofu ikamshika. Katikati ya mashamba yao kulikuwa na ua wa miiba mikavu usiopitisha jicho, na juu ya ule ua kulikuwa na kiapo, ambacho ni kirefu zaidi. Angeweza kuvuka ua wa nyumba na kubisha mlango. Ingemchukua muda wa kupiga chafya mara mbili. Lakini akibisha atasema nini? Na kupitia kwa nani?

Akaamua kusema kwa maji.

Zamu yake ilikuwa inaanzia mapambazuko. Aliamka kabla ya mgawa maji hajapita, akaenda mferejini bila kumuaga mkewe hata kwa mguno, akafunga bati lake la juu, akainua la chini mpaka mwisho. Aliyaachia yote. Hata michirizi iliyokuwa ikivujia upande wake aliiziba kwa tope, kwa uangalifu, kwa viganja. Kisha akakaa ukingoni kusikiliza maji yakishuka upande wa pili wa miiba. Watu waliompita wakienda mashambani walisema baadaye kwamba walimkuta akitabasamu peke yake, jambo lililowatisha kidogo. Alikuwa akiwaza dada yake atafika, ataona shamba limenywa mpaka limetosheka, atajua. Hakutakuwa na haja ya mtu yeyote kusema chochote.

Fundi alifika jua lilipochomoza. Alikuta vitunguu vinaelea.

Vile ambavyo havikuelea vilikuwa vimezama kwenye tope la chumvi, na vitambaa vya buluu vimesukumwa vyote kwenye kona moja ya shamba. Kitunguu kilichokwisha ng'olewa hakina mizizi ya kunywea. Maji kwake ni ugonjwa. Alivikusanya kwa karai siku nzima, mke wa Kizibo akimsaidia, wakavifuta kimoja kimoja kwa nguo. Haikusaidia. Siku chache baadaye harufu ilianza, ile harufu tamu ya kuoza inayoingia nyumbani na kukaa kwenye mito ya kulalia. Dalali alipita na gari, akashusha kioo, akapandisha kioo.

Lakini asubuhi ile ile, kabla ya karai, fundi alipanda na njia mpaka kwa kaka yake. Alikuwa amelowa mpaka mapajani. Kizibo alimwona anakuja, akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. Alidhani anakuja kushukuru.

"Kaka," alisema fundi, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya, "ungeninyima tu. Kunyimwa nilishazoea."

Kizibo hakuelewa. Kisha akaona tope la chini limeganda mikononi mwa dada yake likiwa na maganda mekundu ya vitunguu, akaelewa yote kwa mpigo. Alitazama huku na huku, kama anayemtafuta kuku wa kumwambia. Shambani hakukuwa na kuku.

"Nilidhani vina kiu," alisema.

"Vilikuwa na kiu ile siku niliyokuja."

Majirani wa ukingoni safari hii walikuwepo pia, na kwa mara ya kwanza maishani mwao walijikuta hawana la kusimulia.

Fundi aliondoka na mkokoteni wa kukodi. Cherehani ilipandishwa kwanza, kwenye blanketi lake, halafu sanduku, halafu kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu ilikuwa yake kweli. Mke wa Kizibo alilia kwa kukohoa, ili asiulizwe. Kizibo alitoka nyumbani na kipande cha mpira wa tairi, akaifunga cherehani kwenye mkokoteni, akakaza fundo, akalijaribu, akakaza tena.

"Barabara mbaya," alisema.

"Najua, kaka."

Mkokoteni ukaenda. Alibaki amesimama uani, upande ambao kamba ilikuwa.

Wiki hiyo hiyo akaja bwana shamba kwa pikipiki, anatiririka jasho la kazini, ambalo ni tofauti na jasho la kazi. Mkubwa fulani alikuwa anazungukia maeneo ya ukame, ana wapiga picha wawili na mtu wa kumbebea mwavuli, na alitaka kuonyeshwa mkulima aliyeushinda ukame. Bwana shamba alikuwa amezunguka bonde zima. Kila mahali ni manjano na kijivu. Waliovuna wamevuna, waliokaukiwa wamekaukiwa. Palikuwa na shamba moja tu la kijani, kijani kibichi kinachoumiza macho, majani yamesimama kama askari. Lilikuwa la Kizibo.

Bwana shamba alikuwa amesoma. Alichuchumaa, akabonyeza shingo ya kitunguu, kidole kikazama. Alikitazama kidole chake kwa muda, akatazama barabarani ambako vumbi la magari lilikuwa limeshaonekana, akakifuta kidole kwenye suruali. Akasema shamba ni zuri sana.

Wakaja. Viti vya plastiki vikapangwa juu ya mistari ya vitunguu kwa kuwa hapakuwa na pengine penye kijani cha kutosha. Mgeni rasmi alihutubia kwa kirefu. Alisema ukame ni wa fikra. Alisema wapo watu wanaolalamika na wapo watu wanaomwagilia. Alimsimamisha Kizibo, akamshika mkono, akauinua juu kama wa bondia, na kusema kwamba taifa lingekuwa na watu kama huyu kila bonde, njaa ingeomba likizo. Watu walipiga makofi, hata mgawa maji, aliyepiga mara moja na kuacha. Mke wa Kizibo alikuwa amekaa nyuma, amejifunika khanga mpaka puani kwa sababu ya harufu iliyokuwa ikipanda kutoka shamba la chini. Mgeni rasmi aliisikia pia. Aliambiwa ni samadi, akaisifu.

Kisha wapiga picha wakasogea, na mgeni rasmi akainama kidogo ili aonekane ni mtu wa watu. Alitaka mkulima huyu shujaa aseme kwa maneno yake mwenyewe, bila woga, ili bonde lote lisikie na vizazi vijavyo vijifunze: katikati ya ukame mkali namna hii, wenzake wote wamekaukiwa, siri ya kijani hiki chote ni nini?

Kizibo aliangalia vitunguu vyake vilivyosimama.

"Maji ya dada yangu," alisema.